Yakuti Samawi: Maswali Tunayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Safaya ya Bluu

Hapa Dodoma, ukiweka jiwe la bluu mezani, anayepita atauliza: "Hiyo ni tanzanaiti?" Ukimjibu kwamba siyo, wengi hupoteza hamu papo hapo, kana kwamba nchi hii ina bluu moja tu. Ukurasa huu tumeuandika kwa ajili ya ile bluu nyingine, safaya, na maswali karibu yote ni yale tunayoulizwa dukani na wachumba, wachimbaji, wazee wa kanisa, na watu waliouziwa kitu kituo cha mabasi na sasa wanataka kujua ni nini.

Safaya, yakuti, yakuti samawi: ni mawe matatu au moja?

Madini ni yale yale, rangi ndizo tofauti. Machimboni na kwa mabroka, yaani madalali wa mawe, utasikia "safaya". Kwenye Biblia na vitabu utaikuta kwa jina la yakuti samawi. Ndugu yake mwekundu ni rubi, ambayo wengi huiita yakuti tu.

Yote mawili ni madini ya korandamu, yaani alumini na oksijeni zilizoshikamana. Korandamu iliyo safi kabisa haina rangi. Ikiingiwa na kromiamu kidogo inakuwa nyekundu, na hiyo ndiyo rubi. Ikiingiwa na chuma pamoja na titani inakuwa bluu. Rangi nyingine zote zilizobaki nazo huitwa safaya: kuna ya njano, ya kijani, ya waridi, na ile ya machungwa iliyolipatia jina bonde la Mto Umba kule Tanga. Ila mtu akitamka "safaya" bila kuongeza rangi, ana maana ya bluu.

Kwani Dodoma kuna safaya?

Ipo. Mwishoni mwa 2007 na kuingia 2008 habari zilisambaa kwamba Winza, wilayani Mpwapwa, kumetoka rubi. Baada ya miezi michache maelfu ya watu walikuwa wameshapiga kambi huko: wachimbaji, mama lishe, wauza maji, na wanunuzi wa mawe kutoka nje waliokuwa hawajawahi kuisikia Mpwapwa maishani mwao. Rubi ndiyo iliyowaleta, maana nyingine zilitoka ardhini zikiwa safi kiasi cha kukatwa na kuuzwa bila kuchomwa kwenye tanuru ili kuboresha rangi, jambo ambalo kwa rubi si la kawaida. Lakini mashimo yale yale yalitoa na safaya.

Kinachotuvutia zaidi kwa mawe ya Winza ni yale yasiyoamua yawe nini. Unashika kipande, upande huu chekundu, ukikigeuza unaona doa la bluu iliyoiva limejibanza pembeni, na pale rangi mbili zinapokutana kuna utepe wa zambarau. Jiwe lilipokuwa linakua huko chini, kiasi cha kromiamu, chuma na titani kilikuwa kikibadilika, nalo likaandika mabadiliko hayo ndani yake. Mkataji akilipata jiwe kama hilo hukaa nalo muda mrefu. Akiikata bluu na kuitupa atabaki na rubi ndogo yenye rangi moja. Akiiacha chini, kwenye ncha ya jiwe, rangi yote inayoonekana juu itageuka zambarau. Sisi tungewashauri wengi waache rangi mbili zionekane wazi, lakini soko bado linataka rangi moja, na mkataji ana familia ya kulisha.

Nje ya Dodoma, safaya za Tanzania zinazojulikana sana ni za Umba, na za Tunduru na Songea mkoani Ruvuma, ambako miaka ya 1990 kulikuwa na msukumano mkubwa wa wachimbaji.

Sasa inatofautianaje na tanzanaiti?

Karibu kila kitu isipokuwa rangi, na hata rangi yenyewe ukiitazama vizuri si moja.

Tanzanaiti ni madini ya zoisaiti yaliyopata bluu kwa sababu ya vanadi. Iligunduliwa 1967 na inachimbwa Mererani, wilaya ya Simanjiro, mkoani Manyara. Hakuna mahali pengine duniani inapochimbwa kibiashara. Safaya inatoka nchi nyingi: Sri Lanka, Madagaska, Myanmar, Thailand, Australia, India upande wa Kashmir, na kwetu. Kwa hiyo tanzanaiti ni adimu zaidi kwa asili yake, ila uadimu huo haujaifanya safaya nzuri kuwa rahisi. Safaya ya bluu iliyo safi, ambayo haijachomwa, bei yake kwa karati (kipimo cha uzito wa vito) mara nyingi huipita tanzanaiti ya ukubwa huo huo.

Tofauti ya pili ni ugumu. Kwenye kipimo cha Mohs, chenye almasi juu kabisa kwa 10, safaya ni 9. Tanzanaiti iko kati ya 6 na 7. Namba hizo zinaonekana kama zimekaribiana, lakini kwa anayevaa pete kila siku ndiyo habari yote, na tutairudia hapo mbele.

Tofauti ya tatu unaweza kuiona kwa macho. Shika jiwe kwenye mwanga, uligeuze taratibu. Tanzanaiti hubadilika waziwazi: upande mmoja bluu, mwingine zambarau, na ikiwa haijachomwa utaona na rangi ya kahawia au ya mvinyo. Safaya nayo hubadilika, lakini kwa kujificha: bluu hapa, bluu inayoelekea kijani pale. Usipotulia huioni.

Bluu ipi ndiyo nzuri?

Iliyoiva lakini bado inapitisha mwanga. Wengi wanadhani kadiri jiwe linavyokuwa jeusi ndivyo lilivyo na thamani. Si hivyo. Safaya yenye giza kupita kiasi ukiiweka kwenye pete inaonekana kama kifungo cha koti. Na ile iliyopauka sana ni nzuri kwa hereni za mtoto, si kwa jiwe unalotaka kulirithisha.

Ukija kutazama jiwe, njoo asubuhi, na usilitazame chini ya taa za duka, hata za duka letu. Liweke juu ya karatasi nyeupe, simama mlangoni ukiwa umeligeuzia jua mgongo, kisha litazame kutoka juu. Kama katikati unaona karatasi kupitia jiwe, hilo ni dirisha: mkataji ameokoa uzito akapoteza mwanga. Halafu ligeuze ubavu. Hapo ndipo utagundua kama bluu imeenea jiwe zima au imekaa kona moja ikijifanya imeenea. Hilo la pili siyo udanganyifu. Ni ufundi wa kukata, na una bei yake, ila ni haki yako kujua unachonunua.

Kisha madoa ya ndani. Safaya isiyo na kitu chochote ndani haipatikani kirahisi, na ukipewa kubwa, safi kabisa, kwa bei ya chini, anza kuwa na wasiwasi. Sindano nyembamba sana za madini ya rutaili ndani ya jiwe, ambazo wafanyabiashara huziita hariri, zinaweza hata kulipatia jiwe mng'ao laini unaotafutwa.

Jiwe langu mchana ni la bluu, usiku jeusi. Nimepigwa?

Hapana, si lazima. Balbu za mwanga wa njano zina bluu kidogo sana ndani ya mwanga wake, na jiwe haliwezi kurudisha rangi ambayo halikupewa. Safaya yenye chuma kingi huathirika zaidi.

Nitajuaje kama ni feki?

Kwanza tutenganishe mambo, maana "feki" inabeba mengi. Kuna kioo kilichotiwa rangi. Kuna jiwe jingine la asili, kwa mfano kayanaiti au topazi ya bluu, linalouzwa kwa jina la safaya. Na kuna safaya iliyotengenezwa kiwandani, ambayo kikemia ni safaya kabisa ila haikutoka ardhini. Mbinu ya kutengeneza mawe ya aina hii kwa kuyeyusha unga kwenye moto mkali ilitangazwa na Mfaransa Verneuil mwaka 1902, kwa hiyo hata pete aliyoiacha bibi yako inaweza kuwa na jiwe la kiwandani bila yeye kujua.

Kioo ni rahisi. Kiguse mdomoni: kioo hupata joto upesi, safaya hubaki baridi. Ukikitazama kwa lensi ya sonara utaona viputo vya mviringo, na kingo za kioo huwa zimelegea na kupukutika.

Ukiwa na mzani mdogo wa sonara unaweza kufanya zaidi. Pima jiwe tupu, lisilo kwenye pete. Kisha lifunge kwa uzi mwembamba, ulining'inize ndani ya glasi ya maji bila kugusa chini, upime tena likiwa majini. Safaya ni nzito mara 4 ya maji yenye ujazo wake, kwa hiyo jiwe la gramu 2 litapungua karibu gramu 0.5. Tanzanaiti ya gramu 2 itapungua karibu 0.6. Kioo cha kawaida kitapungua karibu 0.8. Kwa mawe madogo sana njia hii inachanganya, lakini kwa kipande kikubwa kilicholetwa na mtu asiyefahamika, imewaokoa wengi.

Mzani hautakuonyesha la kiwandani, maana uzito ni ule ule. Hapo inahitajika hadubini. Jiwe lililokua ardhini lina mistari ya rangi iliyonyooka, inayokutana kwa pembe. Lile la Verneuil lina mistari iliyopinda. Na tafadhali, usilikwaruze jiwe kwa msasa au msumari "kulijaribu". Jiwe la kweli haliwi na thamani zaidi kwa kukwaruzwa, na la watu utalilipa.

Broka ameniambia jiwe "limechomwa". Ni kasoro?

Ni jambo la kawaida. Safaya nyingi zilizoko sokoni duniani zimepita kwenye tanuru la joto la nyuzi zaidi ya 1,500, ambako hariri huyeyuka, jiwe likawa safi na bluu ikaiva. Rangi hiyo haitoki tena. Tanzanaiti nayo huchomwa karibu yote, kwa joto la chini zaidi, takriban nyuzi 500 hadi 600. Muuzaji anachotakiwa ni kusema. Lisilochomwa lina bei ya juu, na anayetaka bei hiyo aonyeshe cheti.

Yapo mawili ambayo sisi hatuyaweki kwenye kundi hilo. La kwanza ni safaya iliyochomwa pamoja na kemikali, kwa mfano beriliamu, ili rangi iingie kutoka nje. La pili ni mawe yenye nyufa yaliyojazwa kioo cha rangi ya kobalti. Haya ya pili ni balaa: sonara akilipitishia moto wakati wa kurekebisha pete, au likikaa kwenye ndimu, kioo kinaharibika na jiwe linabaki kama limechanika. Bei yake inapaswa kuwa ndogo sana.

Na kwa wale wanaotuuliza kama wanaweza kuchoma wenyewe kwenye jiko la mkaa: jiwe litapasuka, na ugali hautaiva.

Safaya inaashiria nini?

Uaminifu, kwanza. Huko Ulaya zama za kati waliiona kuwa jiwe la mbinguni, na maaskofu waliivaa kwenye pete. Waliamini pia inafichua hila na kumlinda mvaaji dhidi ya sumu. Kutoka hapo ikawa jiwe la ahadi, na ndiyo maana Wazungu husherehekea nayo mwaka wa 45 wa ndoa. Ila kilichoipeleka kwenye simu za wachumba wa Dodoma ni tukio moja: Februari 1981, Diana alipotangaza uchumba wake na Charles, mwana wa malkia wa Uingereza, akiwa na pete ya safaya ya bluu ya karati 12 iliyozungukwa na almasi. Mwaka 2010 mtoto wao William akamvisha Catherine pete hiyo hiyo. Mteja akifungua simu atuonyeshe "ile ninayoitaka", mara nyingi ni hiyo.

Kwetu sisi Waswahili, yakuti imekaa zaidi kwenye sifa kuliko kwenye kidole. Ni neno la kumpamba umpendaye, pamoja na lulu na marijani. Qur'ani nayo, katika Surat Ar-Rahman aya ya 58, inawafananisha wanawake wa peponi na yakuti na marijani. Na anayeuliza maana ya bluu kwenye bendera yetu, ile ni ya maji: bahari, maziwa na mito. Haihusiani na madini, hata kama wapo wanaoapa kwamba ni tanzanaiti, iliyogunduliwa miaka mitatu baada ya bendera.

Je, ni yakuti samawi ile ile ya Biblia?

Swali hili huulizwa na watu wa kanisani, na jibu huwashangaza: huenda siyo. Yakuti samawi imo kwenye kifuko cha kifuani cha kuhani mkuu (Kutoka 28), kwenye sakafu iliyoonekana chini ya miguu ya Mungu wa Israeli (Kutoka 24:10), na kwenye misingi ya Yerusalemu Mpya (Ufunuo 21). Lakini wanazuoni wengi wanaona kwamba jiwe lililoitwa hivyo enzi hizo ni lapis lazuli, jiwe la bluu nzito lisilopitisha mwanga, lililokuwa likitoka Badakhshan, Afghanistan ya leo. Dalili nzuri iko Ayubu 28:6, ambapo yakuti samawi inatajwa pamoja na vumbi la dhahabu. Ukiishika lapis lazuli utaona vumbi hilo: ni chembe za madini ya pairaiti zinazometa ndani ya bluu. Safaya haina kitu kama hicho. Jina lilihama kutoka jiwe moja kwenda jingine baadaye.

Ashirio lenyewe halipungui kwa hilo. Aliyeandika alitaka bluu ya mbingu, akaitaja bluu nzuri kuliko zote alizozijua.

Mnauza pete za bahati?

Hapana. Mabango ya kwenye nguzo za umeme yanayoahidi cheo, mvuto na mali kwa pete ya jiwe la bluu hayatuhusu, na jiwe lenyewe tuliloletewa tulipime, mara nyingi ni kioo. Msimu wa uchaguzi maswali haya huongezeka, na mji huu haukosi wagombea. Waislamu wanaotuuliza huwa tunawaambia wamuulize shehe wao tofauti ya kuvaa pete kwa pambo na kuitegemea pete.

Wateja wetu wenye asili ya India wana utaratibu wao, na huo una historia ndefu. Kwao safaya ya bluu inaitwa neelam, ni jiwe la sayari ya Zohali, na haivaliwi ovyo: mtu hukaa nayo kwanza siku chache aone kama inamkubali. Akiirudisha tunampokea. Hatubishani na imani ya mtu, ila risiti yetu inaandika jina la jiwe, uzito na kama limechomwa. Bahati haina mstari kwenye risiti.

Nimezaliwa Machi. Naweza kuivaa?

Vaa. Orodha ya mawe ya miezi ya kuzaliwa, inayoweka safaya Septemba, ni ya wafanyabiashara.

Pete ya uchumba: safaya au tanzanaiti?

Kwa anayeishi Dodoma, safaya. Na sababu ni vumbi. Kuanzia Juni upepo wa hapa unalijua kila dirisha, na ndani ya vumbi hilo kuna chembe nyingi za kwatzi, ambayo ugumu wake ni 7. Vumbi hukaa juu ya pete, unaifuta kwa ncha ya kitenge ikiwa kavu, na kila ukifuta ni kama umepitisha msasa. Tanzanaiti, yenye ugumu wa chini ya 7, huanza kufifia uso, kingo zake zikalainika, na baada ya miaka kadhaa inataka kung'arishwa upya. Safaya yenye 9 haisikii kitu. Dhahabu inayoishikilia ndiyo itakayochoka kwanza.

Ukiipenda tanzanaiti, iweke kwenye hereni au kidani, itakaa miaka na miaka.

Kuisafisha je?

Maji ya uvuguvugu, sabuni ya maji kidogo, mswaki laini, hasa upande wa nyuma ambako mafuta ya kujipaka hujikusanya na kulifanya jiwe lionekane limekufa. Suuza kwanza ili vumbi litoke, ndipo ufute. Kabla ya kusuuza, ziba tundu la sinki.

Hiyo safaya yenye nyota ni ya kweli?

Ndiyo. Zile sindano za rutaili zikijipanga kwa mielekeo mitatu, na jiwe likikatwa mviringo kama nusu yai, mwanga mmoja unaleta nyota ya miale sita inayotembea ukiligeuza. Maarufu zaidi ni Star of India yenye karati 563, iliyoko kwenye makumbusho huko New York. Iliibiwa 1964 na ikapatikana. Ukiona nyota iliyonyooka na kung'aa mno, huenda ni ya kiwandani.

Mahali gani naweza kupimiwa kwa uhakika?

Kituo cha Jemolojia Tanzania kilichoko Arusha kinahusika na utambuzi wa vito na kufundisha ukataji. Hapa Dodoma ipo Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, GST, yenye maabara ya kupima sampuli za miamba na madini. Kwa jiwe la thamani kubwa linalokwenda nje, mnunuzi atadai cheti cha maabara ya kimataifa, kinachotaja pia kama limechomwa.

Nimeokota jiwe la bluu shambani. Mtaninunulia?

Hapana, si hivyo hivyo. Shamba ni lako lakini madini yaliyomo si yako; kuyachimba kunahitaji leseni, na kwa mchimbaji mdogo ni leseni ndogo ya uchimbaji, inayotolewa na Tume ya Madini kwa Watanzania tu. Kuyanunua na kuyauza nako kuna leseni ya broka au ya mfanyabiashara mkubwa. Tangu 2019 biashara hii inafanyika kwenye masoko ya madini ya mikoa, na Dodoma lipo. Jiwe linapimwa mbele yako na kuthaminishwa, kisha unakatwa mrabaha (tozo ya serikali kwa madini), ambao kwa vito ghafi sheria iliuweka asilimia 6, na ada ya ukaguzi ya asilimia 1.

Kulileta tulitazame hakuna shida, hatutozi. Lifunge kwenye karatasi, usilivunje "kuona ndani", na kumbuka ulipoliokota ni wapi hasa, kwenye kijito au kwenye mwamba, maana hilo ndilo swali la kwanza afisa madini atakalokuuliza.